Usajili na bima ya vyombo vya moto: Nani hulipa, nani hufidiwa?

MTU anayenunua pikipiki mpya katika maduka ya jijini Tanga hulipa mara mbili kwa mujibu wa sheria kabla hajampakia abiria wake wa kwanza. Hulipa kwanza usajili ili apate kadi na namba. Kisha huenda kwa wakala wa bima, akalipia ile bima ya lazima ambayo mitaani huitwa 'bima ndogo'. Kwa kuwa fedha zote hutoka katika mfuko mmoja, na aghalabu siku moja, wengi huzihesabu kuwa ni kodi moja yenye majina mawili.

Sivyo ilivyo. Ada ya usajili ni mapato ya Serikali, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kuingia katika kapu kuu la Hazina. Anayeilipa hanunui ulinzi wowote. Bima, kwa upande wake, ni mkataba baina ya mwenye chombo na kampuni, ingawa ni mkataba ambao sheria haimpi mtu hiari ya kuukataa. Fedha ya kwanza hutambulisha chombo. Ya pili hukusudiwa kumlipa mtu ambaye chombo hicho kitamuumiza. Swali la haki kwa hiyo lina pande mbili: je, mzigo wa kulipa umegawanywa kwa uwiano, na je, aliyeumia anaifikia fedha iliyokusanywa kwa jina lake?

Upande wa kwanza hujadiliwa kila Juni, bajeti inaposomwa Dodoma. Upande wa pili hukumbukwa siku ya msiba tu.

Asili ya ulazima

Bima ya lazima si uzushi wa hapa nyumbani. Uingereza iliiweka katika sheria yake ya barabara ya mwaka 1930, baada ya kuonekana kuwa watu waliogongwa na magari walishinda kesi lakini hawakulipwa, kwa sababu madereva hawakuwa na fedha. Makoloni yalifuata mkondo huo. Tanganyika ilirithi Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo msingi wake umebaki ule ule: hakuna ruhusa ya kuendesha chombo cha moto barabarani bila bima inayogharamia kifo au majeraha ya mtu mwingine.

Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ikawa mikononi mwake peke yake. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo husimamia soko hilo Bara na Zanzibar. Mwenye gari wa Korogwe mwaka 1980 hakuwa na pa kwenda ila NIC. Mjukuu wake ana kampuni nyingi za kuchagua, lakini wajibu wake mbele ya askari wa usalama barabarani haujabadilika.

Ada moja kwa magari yote

Katika bajeti ya mwaka 2016/17, Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipandisha ada ya usajili wa magari kutoka sh. 150,000 hadi sh. 250,000, na ya pikipiki kutoka sh. 45,000 hadi sh. 95,000. Anayetaka namba yenye jina lake mwenyewe alipandishiwa kutoka sh. milioni 5 hadi sh. milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Kwa hiyo pikipiki iliongezewa zaidi ya mara mbili, ilhali gari liliongezewa theluthi mbili tu.

Kasoro ya ada ya aina hii haimo katika ukubwa wake bali katika usawa wake wa juu juu. Tuseme pikipiki ya bodaboda inauzwa sh. milioni 2.5; ada ya sh. 95,000 ni karibu asilimia 4 ya bei hiyo. Gari kubwa la kifahari la sh. milioni 100, likilipa sh. 250,000, limetoa robo ya asilimia moja. Watetezi wa ada hizo hujibu kwamba mwenye gari la kifahari hulipa sana bandarini, kwa kuwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) huhesabiwa kwa asilimia ya thamani. Jibu hilo lina ukweli. Lakini halielezi kwa nini kitendo kile kile cha kuandika chombo katika daftari na kutoa kadi kimgharimu kijana wa Makorora sehemu kubwa zaidi ya mtaji wake kuliko mfanyabiashara wa Raskazone.

Ikumbukwe pia kwamba vijana wengi wa bodaboda hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Huzichukua kwa mkataba na kupeleka 'hesabu' kwa mwenye chombo kila siku au kila wiki. Ada iliyolipwa na tajiri hurejeshwa polepole ndani ya hesabu hiyo, na jina lililo kwenye kadi si la anayekaa juu ya usukani. Jambo hili huleta matatizo zaidi ajali inapotokea, kama itakavyoonekana.

Kwenye faini, Bunge liliwahi kuikubali hoja ya uwiano. Mwaka 2021, Waziri Mwigulu Nchemba alipunguza faini za makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka sh. 30,000 hadi sh. 10,000, kwa sababu haikuwa sawa kumtoza mwenye magurudumu mawili kiasi kile kile anachotozwa mwenye lori. Aliyekosa, basi, alipunguziwa kabla ya aliyefuata utaratibu wa usajili.

Mwaka 2017: Ada yahamia kwenye mafuta

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Julai 2017. Kabla ya hapo kila gari lililipiwa ada ya mwaka, maarufu kama 'road licence', kulingana na ukubwa wa injini. Injini ya kati ya sentimita za ujazo 501 na 1,500 ililipa sh. 150,000 kwa mwaka. Ya hadi 2,500 ililipa sh. 200,000, iliyozidi hapo sh. 250,000. Madaraja yalianzia sentimita 501, hivyo bodaboda na bajaji zilikuwa nje. Malimbikizo ya madeni na misako ya barabarani ilikuwa kero ya miaka mingi, hasa kwa wenye magari mabovu yaliyokaa nyuani bila kutembea huku deni likikua.

Serikali ikaifuta ada ya kila mwaka. Badala yake, gari lilipaswa kulipiwa mara moja tu linaposajiliwa kwa mara ya kwanza, kwa viwango vilivyopandishwa kuwa sh. 200,000, 250,000 na 300,000. Pengo lililobaki likazibwa kwa kuongeza ushuru wa bidhaa wa sh. 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Petroli ilitoka sh. 339 hadi 379, dizeli sh. 215 hadi 255, mafuta ya taa sh. 425 hadi 465.

Bungeni mabadiliko hayo yalipigiwa makofi, na kwa wenye magari madogo makofi yalistahili. Hesabu ni nyepesi. Karani wa Chumbageni mwenye gari la injini ya 1,300 anayetumia lita 5 kwa siku kwa siku 300 za mwaka hununua lita 1,500. Kwa sh. 40 kila lita, alilipa nyongeza ya sh. 60,000 mahali pa sh. 150,000 za zamani. Amebakiwa na sh. 90,000. Kwa gari lake, ingehitajika lita 3,750 kwa mwaka kabla hajaanza kupata hasara.

Daladala ni hesabu nyingine. Hiace iendayo Pongwe au Amboni kutwa nzima, tuseme lita 30 kwa siku, hufikisha lita 9,000 kwa mwaka. Nyongeza yake ilikuwa sh. 360,000, mahali pa ada isiyozidi sh. 250,000. Inaweza kusemwa kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe, maana atumiaye barabara zaidi alipe zaidi. Ni hoja nzuri, ila katika daladala aliyetumia barabara ni abiria aliyesimama mlangoni ameshika bomba, na ndiye ambaye gharama ya mafuta humrudia kupitia nauli. Bodaboda ambayo haikuwa ikilipa ada ya mwaka hata senti ikaanza kulipa: lita 3 kwa siku ni lita 900 kwa mwaka, nazo ni sh. 36,000.

Ukanda wa pwani una kundi jingine, ambalo mjadala wa Dodoma haukulipa nafasi kubwa. Ni wavuvi. Kuanzia Moa na Kwale wilayani Mkinga, kupitia Sahare na Deep Sea jijini, hadi Kigombe na Pangani, boti nyingi huendeshwa kwa mashine za kufunga nyuma, na mafuta yake hununuliwa kituo kile kile yanaponunuliwa mafuta ya gari. Boti inayotumia lita 20 kwa usiku, ikitoka usiku 150 kwa mwaka, humaliza lita 3,000. Kwa nyongeza ya mwaka 2017 peke yake, mvuvi huyo alichangia sh. 120,000 kufidia ada ya magari, ambazo ni mara mbili ya alichochangia karani wa Chumbageni mwenye gari. Boti haina namba ya usajili wa barabarani, haikanyagi lami, wala haikuwahi kudaiwa 'road licence'. Mafuta ya taa nayo yalikuwa bado yakiwasha karabai za wavuvi wa dagaa na vibatari vya nyumba ambazo nguzo za umeme hazijazifikia.

Sababu ya kuongeza ushuru wa mafuta ya taa inajulikana, nayo ni kuwazuia wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli pindi bei zinapotofautiana mno. Ni sababu halali ya kiutawala. Hata hivyo, kuiita nyongeza hiyo mbadala wa ada ya gari kwa mama wa Muheza asiye na gari ni kulitumia vibaya neno mbadala.

Mkondo huo umeendelea. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya sh. 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zilizo chini ya TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa sh. 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Wakazi wa Tanga huziona tozo hizi katika bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, zikiwa na safu ya peke yake kwa mafuta yanayoshushwa katika Bandari ya Tanga. Mvuvi wa Kigombe husoma safu hiyo hiyo.

Bima ndogo humlinda nani?

Jina rasmi ni bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye chombo, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yeyote atakayeumizwa. Kwa miaka mingi kima cha chini kwa gari dogo la binafsi kilikuwa sh. 100,000, na VAT ya asilimia 18 ikakifikisha sh. 118,000. Anayetaka gari lake mwenyewe lilipwe likiharibika au kuibwa hukata bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi ilizoeleka kuwa asilimia 3.5 ya thamani. Vyombo vya biashara hulipa zaidi, na mabasi huhesabiwa kwa viti.

Mambo mawili katika bei hiyo yanastahili kuangaliwa. Kwanza, katika kila sh. 118,000, sh. 18,000 ni kodi. Serikali imemlazimisha raia kununua kitu, kisha ikamtoza kodi kwa kukinunua. Pili, kima hicho hakiulizi rekodi ya dereva. Mtu aliyeendesha miaka ishirini bila kugusa hata ukingo wa barabara, na mwingine aliyekwisha kulaza magari mawili mtaroni, hulipa sawasawa kwenye bima ndogo.

Lakini jambo ambalo madereva wengi wa bodaboda hawalijui, au hulijua wakiwa wamekwisha lala wodini, ni kwamba bima wanayoilipia haiwagusi wao. Dereva akianguka peke yake kwenye kona za Pangani akavunjika mguu, cheti chake hakimlipi dawa wala siku alizokosa kazi. Abiria aliyepanda kwa nauli hulindwa, mradi pikipiki imekatiwa bima ya biashara. Na kwa kuwa bima ya biashara ni ghali kuliko ya binafsi, wapo wanaokata ya binafsi kisha wakapakia abiria. Kampuni ikigundua, hukataa dai. Hapo anayepata hasara ni abiria, ambaye hakuwa na namna ya kujua ni cheti kipi kiko mfukoni mwa kijana aliyempungia mkono.

Ajali ndizo hupima sheria. Usiku wa Februari 3, 2023, katika eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kwa mazishi. Watu wasiopungua 17 walikufa, wengi wao ndugu waliokuwa wakiusindikiza mwili huo. Januari 13, 2025, katika eneo la Chang'ombe, Segera, wilayani Handeni, lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika mahali ilipotokea ajali nyingine, na 11 wakapoteza maisha. Wale wa Segera walikuwa kwa miguu kando ya barabara. Watu wa hali hiyo ndio hasa 'mtu wa tatu' ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake.

Safari ya kuifikia fedha

Fidia haimfuati mtu nyumbani. Majeruhi huhitaji kwanza fomu ya polisi, PF3, ambayo hujazwa na daktari. Kisha huhitajika taarifa ya polisi kuhusu ajali, mchoro wa tukio, ripoti ya ukaguzi wa magari na, pale dereva aliposhitakiwa, nakala ya hukumu. Pakiwa na kifo, ukoo hukaa kikao, humteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani ili uteuzi uthibitishwe. Cheti cha kifo ni lazima. Mjane wa Mlalo, huko Lushoto, ambaye mumewe amefia Hale, huenda akashuka milimani mara nne au tano kabla faili halijakamilika, kwa nauli ya kukopa.

Msingi wa dai ni uzembe. Lazima ithibitike kuwa dereva alikosa, na sheria ya ukomo hutoa miaka 3 kwa madai ya aina hiyo. Kampuni ya bima hulazimika kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, mradi iliarifiwa kuhusu kesi hiyo. Familia nyingi hazifiki huko. Hukubali kiasi kinachopendekezwa mapema, wakati matanga hayajaanuliwa na hospitali inadai. Makubaliano ya nje ya mahakama si mabaya kwa asili yake. Mabaya ni pale upande mmoja una mwanasheria na upande mwingine una njaa.

Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2009, hupokea malalamiko dhidi ya kampuni bila malipo. Ni mlango ambao wananchi wengi wa mikoani hawaujui, na maofisa wa serikali za mitaa wangefanya jambo la maana kuubandika kwenye mbao za matangazo pamoja na matangazo ya minada.

Ipo pia hali ambayo haina mlango hata mmoja. Gari likimgonga mtu usiku na kutokomea, hakuna namba, hakuna cheti, hakuna kampuni ya kudaiwa. Sheria nzima imejengwa juu ya mmiliki anayejulikana. Na hata chombo kikijulikana, mara nyingi kimeuzwa mkono kwa mkono bila kadi kubadilishwa jina; mnunuzi anakwepa gharama ya uhamisho, muuzaji anabaki mmiliki wa ajali asiyoijua. Stika bandia zilikuwa balaa jingine, hadi mfumo wa kielektroniki wa TIRA ulipomwezesha askari, na hata abiria mwenye simu, kuhakiki bima kwa namba ya gari.

Ukubwa wa pengo unaweza kukisiwa kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Katika ripoti yake ya mwaka 2018, shirika hilo lilionyesha kuwa vifo vya barabarani vilivyoripotiwa rasmi Tanzania kwa mwaka 2016 vilikuwa 3,256, huku lenyewe likikadiria zaidi ya 16,000. Mtu ambaye kifo chake hakimo katika daftari la polisi hana PF3, hana mchoro, na warithi wake hawana dai.

Ulinganisho wa karibu upo ndani ya sheria zetu wenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015, humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kuuliza nani alikosa. Waajiri huchangia, na kilichotakiwa kuthibitishwa ni kwamba aliumia akiwa kazini. Basi likipinduka Mombo, kondakta mwenye mkataba rasmi hulipwa kwa utaratibu huo, ilhali abiria aliyeketi kiti cha pili lazima athibitishe uzembe. Makondakta wenye mikataba rasmi, ni kweli, ni wa kutafuta kwa tochi.

Horohoro na bandarini

Tanga ni mkoa wa mpakani, na bima ndogo ya Tanzania huishia Horohoro. Barabara ya Tanga hadi Horohoro ya kilometa 65, iliyojengwa kwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia, ilirahisisha safari ya Lunga Lunga na Mombasa, lakini gari linalovuka huhitaji 'kadi ya njano' ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imo katika mpango huo wa kadi. Mwenye kadi akimgonga mtu Kenya, mhanga hulipwa kwa sheria za Kenya, na ofisi za nchi hizo mbili huhesabiana baadaye.

Upande wa bahari kuna mpaka wa aina yake. Zanzibar ina daftari lake la usajili, na gari lenye namba za Zanzibar lililovushwa kutoka Pemba hadi Tanga hukutana na masuala ya ushuru na usajili upya. Suala hilo limekuwa miongoni mwa kero za Muungano zilizojadiliwa na kamati za Serikali mbili kwa miaka mingi.

Majirani na walio mbali

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2024. Muswada wake wa fedha ulipendekeza kodi ya mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua sh. 5,000 wala kuzidi sh. 100,000 za Kenya, ikusanywe wakati wa kukata bima. Kwa uwiano kodi hiyo ingekuwa na haki kuliko ada ya namna moja, ila ile dari ya sh. 100,000 iliwapendelea wenye magari ya thamani kubwa zaidi. Wananchi hawakungoja kuipima. Iliondolewa Juni 18 mwaka huo, na baada ya maandamano ya Juni 25 Rais William Ruto aliukataa muswada wote.

Uganda inafundisha jambo kuhusu upande wa fidia. Sheria yake ya mwaka 1989 iliweka ukomo wa sh. milioni 1 za Uganda kwa mtu mmoja. Kiasi hicho kilikuwa fedha ya maana kilipoandikwa. Mfumuko wa bei ukakila kikiwa ndani ya kitabu cha sheria. Kenya nayo ina ukomo wa sh. milioni 3 za Kenya.

Afrika Kusini hutoza tozo ya ajali ndani ya bei ya mafuta na kuipeleka kwenye mfuko wa taifa wa ajali za barabarani. Hakuna dereva asiye na bima, kwa kuwa hakuna anayeendesha bila mafuta. Lakini mhanga bado lazima athibitishe kosa la mwingine, mawakili wamejaa katikati, na mfuko umelemewa na madeni kwa miaka mingi. New Zealand iliacha suala la kosa tangu Aprili 1974. Kila aliyeumia hutibiwa na kulipwa, na wenye magari huchangia kupitia leseni ya mwaka na petroli. Hata huko ugomvi haukwisha. Mwaka 2009 maelfu ya waendesha pikipiki waliandamana hadi Bungeni, Wellington, kupinga kuongezewa mchango, wakisema mara nyingi wao hugongwa na magari lakini gharama za kugongwa huandikwa kwenye hesabu ya pikipiki. Vijana wa vijiwe vya Mabawa wangeielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Hapa nchini, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, iliorodhesha mapato yatokanayo na bima za vyombo vya moto miongoni mwa vyanzo vya mfuko wa kugharimia matibabu ya wasio na uwezo. Ni mara ya kwanza fedha ya cheti cha gari kutajwa kisheria kuwa inaweza kumfikia mgonjwa bila kupitia mahakamani. Kiwango kitakachokatwa, na iwapo mwendesha baiskeli aliyegongwa Ngamiani na gari lisilojulikana ataingizwa katika orodha ya wasio na uwezo atakapofikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ni mambo ya kanuni na utekelezaji. Baiskeli, ambazo Tanga ina sifa nazo nchi nzima, hazikatiwi bima wala hazisajiliwi TRA, na waendeshaji wake huingia wodini kama watu wa tatu.